Safu Tatu za Mwalimu Utepe

12 Januari

Mwanangu Kasuku,

Kaa chini kwanza. Kama kuna mwanachuo amesimama mlangoni kwako, mwambie asubiri, maana barua hii si ya kusomwa huku unatembea. Matokeo yametoka. Watoto arobaini na watatu wa darasa la sita walifanya mtihani wa Hesabu, na arobaini na mmoja wamefaulu. Nakuandikia tena kwa tarakimu usije ukadhani napiga chuku: 41 kati ya 43. Mwalimu Mkuu aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akasoma mara ya tatu. Mimi nilikuwa pale pale nikijifanya natafuta chaki.

Ningeweza kukupigia simu, lakini unanijua. Simu ni ya kuulizana hali. Jambo la maana huandikwa likatiwa kwenye bahasha.

Mwezi wa Novemba Afisa Elimu alikuja mwenyewe akaomba kuona darasa langu. Nikamwonyesha safu zangu tatu, zile zile ulizokulia. Dirishani, wenye utepe mwekundu kifuani, wanaojifunza kwa macho. Katikati, wenye utepe wa njano, wanaojifunza kwa masikio. Ukutani, wenye utepe wa bluu, wanaojifunza kwa mikono. Nikampa na ile karatasi yangu ya maswali thelathini ninayowapa watoto wiki ya kwanza ya mwaka, inayoniambia nani ni wa utepe upi. Kisha nikafundisha mbele yake: wa macho nikawachorea, wa masikio nikawaimbia, wa mikono nikawapa vijiti wahesabu. Aliondoka daftari lake limejaa.

Sasa anataka kitabu, na kitabu ninacho. Nimekiita "Kila Mtoto na Safu Yake", kurasa tisini na nne, na mswada anao tayari. Kikipita kwa wasomaji wake kitapigwa chapa na kupelekwa shule zote sitini za wilaya kabla sijastaafu mwisho wa Julai. Miaka thelathini na minne ya kumeza vumbi la chaki, mwanangu, na kitu kitabaki.

Sura ya tatu ni wewe. Inaitwa "Mtoto Aliyesikia Namba". Nimeeleza jinsi ulivyokuwa ukilia ukiona jedwali la kuzidisha, ukavaa utepe wa njano, nikakuimbia, na leo unafundisha walimu chuoni. Jina sikulitaja. Nimeandika tu "binti mmoja ninayemfahamu kwa karibu". Mama yako amecheka mpaka akaacha cherehani, anasema kuna karibu gani zaidi ya hiyo.

Ninachokuomba ni dibaji. Kurasa mbili zinatosha. Wewe ndiye ushahidi, na ushahidi wenye shahada una uzito wake.

Baba yako,
Mwalimu Utepe (watoto wanadhani sijui kwamba wananiita hivyo)

27 Januari

Shikamoo Baba,

Barua yako niliisoma nimekaa, kama ulivyoagiza. Hongera sana. Sikuvishi kilemba cha ukoka: watoto arobaini na mmoja katika shule yenye ubao mmoja uliopasuka ni jambo ambalo wenzangu hapa hawakuliamini nilipowaambia. Mmoja aliniuliza kama baba yangu ni mchawi. Nikamwambia hapana, ni mbishi.

Nina maswali machache kuhusu safu, ya kitaaluma tu. Je, kuna mwaka wowote ulifundisha bila tepe ukalinganisha? Je, umewahi kumweka mtoto wa macho katika safu ya masikio ukaona inakuwaje? Na unapowaimbia wa katikati, wale wa dirishani huziba masikio?

Dibaji naifikiria. Kuna kazi moja iko mezani pangu inaninyima raha, nikishaimaliza nitakuandikia vizuri. Mama apumzishe mgongo, asishone bila kuinuka. Mwambie nimesema mimi.

Mwanao

9 Februari

Kasuku,

Nilikuomba dibaji, ukaniletea mtihani. Kwa hiyo nijibu, nisije nikapewa sifuri.

Hapana, sijawahi kufundisha bila tepe tangu nilipozianzisha. Daktari aliyepata dawa hawanyimi wagonjwa wengine ili aone watakufa wangapi. Hapana, sijawahi kumweka mtoto katika safu isiyo yake, kwa sababu mimi si mkatili. Na hapana, wa dirishani hawazibi masikio. Wanaimba pamoja na wenzao, tena kwa sauti mbaya.

Sasa yaache hayo, yamenifika makubwa. Afisa Elimu aliupeleka mswada wangu kwa msomaji wa chuo fulani, hataki kusema chuo gani wala mtu gani. Ripoti imerudi. Kurasa saba za kunivua nguo. Nakunakilia kipande: "Mwandishi hajaonyesha popote kwamba mtoto aliyewekwa katika safu yake alijifunza zaidi ya vile ambavyo angejifunza katika safu nyingine. Ameonyesha tu kwamba watoto wake wanafaulu." Ameonyesha tu. Kufaulu nako siku hizi kuna "tu".

Huyo mtu hajashika chaki maishani mwake. Namwona kabisa: shati jeupe, kiyoyozi, kikombe cha kahawa pembeni, anahukumu watoto asiowajua majina. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anaandika vizuri. Sentensi zake fupi, zimenyooka, hazina pambo. Mtu huyo alifundishwa na mwalimu anayejua kazi, kisha akaenda kuiharibu elimu yake huko mbele.

Nisaidie kumjibu. Wewe unaijua lugha yao. Nataka jibu la kurasa nane.

Baba yako

20 Februari

Shikamoo Baba,

Nimeianza barua hii mara tano. Niseme moja kwa moja, kama ulivyonifundisha. Msomaji huyo ni mimi.

Mswada uliletwa kwangu mwezi wa Desemba bila jina la mwandishi. Ukurasa wa kwanza nikakutana na maneno "chaki haidanganyi, anayedanganya ni aliyeishika", nikajua ni wewe. Pale pale nilipaswa kuurudisha, kwa sababu mtu hasahihishi kazi ya baba yake. Sikuurudisha. Niliogopa utaangukia mikononi mwa mtu atakayekuandikia kwa kejeli, nikaona afadhali uumizwe na anayekupenda. Lilikuwa kosa, na kukuficha miezi miwili kulikuwa kosa la pili. Nisamehe.

Lakini nilichoandika, Baba, sikifuti. Mwaka juzi niliwachukua wanachuo mia moja na ishirini. Niliwauliza kila mmoja anapenda kujifunza kwa njia gani. Nusu yao nikawafundisha kwa njia waliyoipenda, nusu kwa njia wasiyoipenda, wote somo lile lile. Baada ya wiki tatu nikawapa mtihani. Hapakuwa na tofauti. Nikarudia kwa somo jingine, hapakuwa na tofauti. Wengine waliopima kabla yangu, katika nchi mbalimbali, wamekuta hivyo hivyo. Mtu anaweza kupenda kuchorewa, na ni haki yake kupenda, lakini kupenda njia na kujifunza kwa njia hiyo ni mambo mawili.

Kuna la pili, na hili ndilo lililonifanya niianze barua mara tano. Mimi sikuwa mtoto wa masikio. Karatasi yako ya maswali thelathini ilinipa utepe mwekundu. Lakini Chiriku, yule rafiki yangu wa kuongea bila kumeza mate, alikuwa safu ya katikati, nami sikutaka kukaa mbali naye. Mtoto mmoja wa katikati alikuwa anataka dirishani. Tukabadilishana tepe nyuma ya choo cha shule, siku ya pili tu. Wewe ulifika darasani ukaniona na utepe wa njano, ukaanza kuniimbia. Tulibadilishana karibu nusu ya darasa, Baba. Kila mwaka watoto walikuwa wanafanya hivyo, na sisi tuliwarithi wakubwa zetu.

Lakini kujifunza nilijifunza, na sina aliyenifundisha Hesabu zaidi yako. Kama unataka kujua ninavyodhani mimi, ni yale maswali ya asubuhi. Kabla ya somo jipya ulituuliza ya jana, ya juzi na ya wiki iliyopita, bila daftari, mpaka tukawa tunayakumbuka tukioga. Hayo katika kurasa tisini na nne hukuyaandika hata mstari mmoja.

Ukitaka kunijibu kwa kurasa nane, nitazisoma zote.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Ni mimi mama yako. Usishtuke kuona mwandiko huu, wote tu wazima, ila mmoja wetu hasemi.

Barua yako ilifika mchana. Baba yako akaisoma amesimama, akaisoma amekaa, akaenda kuisoma tena uani kama vile kule ingesema kitu kingine. Tangu siku hiyo anasema "ndiyo", "hapana" na "chumvi". Mimi naye tumekaa miaka thelathini na saba, nimezoea kelele zake, hii nyumba sasa naisikia kubwa.

Ijumaa alirudi na mfuko wa tepe zote za darasa lake akazimwaga kitandani. Unajua kila utepe naushona jina la mtoto kwa nyuma. Kabla ya kuzikusanya aliwageuzia tepe kifuani mmoja mmoja darasani, kumbe kati ya watoto arobaini na wanne, kumi na tisa wamevaa jina la mwenzao. Na mwaka wenyewe ndiyo kwanza una wiki tisa. Akaniuliza, "Mke wangu, ulikuwa unajua?" Nikaona siku ya kusema imefika.

Nilikuwa najua. Watoto hunijia hapa na tepe zao niwafumulie jina niwashonee jingine, kwa sababu wakikamatwa na jina la mtu wataulizwa. Hawa kumi na tisa walikuwa bado hawajanifikia. Wale waliofaulu mwaka jana niliwafumulia zaidi ya ishirini. Wako pia niliufumua mimi, tena ulikuja na machozi ya uongo. Mimi nilidhani ni mchezo wa watoto wanaotaka kukaa na marafiki zao, na sikuona kwa nini niuharibu. Nilijua pia kwamba kama kitu hicho kingekuwa kinawaangusha, baba yako angekiona katika madaftari yao. Hakuwahi kukiona.

Alikaa kitandani katikati ya zile tepe. Nilidhani atafoka, nikashika mlango. Hakufoka. Aliniomba mkasi na karatasi ngumu, na tangu hapo anachora majedwali mezani pangu, cherehani nimehamishia barazani. Sijui anachopanga. Wewe usimwandikie kwanza, mwache yeye aanze.

Na mgongo wangu hauna neno.

Mama yako

2 Aprili

Kwa Mhadhiri,

Barua yako ya Februari niliipata.

Kwanza, la kutorudisha mswada. Umesema ni kosa nami nakubaliana nawe. Mwambie Afisa Elimu ukweli, kabla sijamwambia mimi. Sitaki kupitishwa na binti yangu, na sitaki kuangushwa naye vile vile.

Pili, uliniacha miaka ishirini na mitatu nikijipiga kifua kwa ajili yako. Kila mkutano wa wazazi nimesimulia habari ya binti aliyesikia namba. Nimeisimulia mbele ya maaskofu na mashehe. Ungeweza kunishika shati ukaniambia, "Baba, funga hiyo." Naona uchungu, na sitaona haya kuusema.

Tatu, mama yako naye. Lakini huyo nakaa naye, tutamalizana.

Sasa la kazi. Wewe umepima watu wazima wenye ndevu. Mimi nafundisha watoto wa miaka kumi na miwili. Nimeamua kupima mwenyewe, kwa somo la sehemu, nusu na theluthi na robo, ambalo watoto wote huliogopa. Mwalimu wa darasa jirani amekubali tuunganishe madarasa, wake arobaini na watatu na wangu arobaini na wanne, jumla themanini na saba. Darasa langu litakuwa na tepe, lake halitakuwa nazo, kisha tuone. Nimekuambatanishia mpango. Sikuombi msaada. Nakuomba uonyeshe panapovuja.

Baba yako

10 Aprili

Shikamoo Baba,

Nimemwandikia Afisa Elimu. Amekasirika, ana haki. Ripoti yangu imetupwa na nimeondolewa katika orodha ya wasomaji wake. Ameniambia pia kwamba hatatafuta msomaji mwingine, muda umekwisha, na kwa matokeo yale kitabu kitapigwa chapa kama kilivyo. Kwa hiyo sasa hakuna wa kukuzuia. Nakuambia mapema ili usije ukasema nilikuficha la tatu.

Mpango wako nimeusoma. Unavuja mahali panne.

Usilinganishe darasa lako na la jirani, kwa sababu wako wamekuzoea, na mtu angesema ni mwalimu, si utepe. Wachanganye wote themanini na saba. Kila mmoja ajibu maswali yako thelathini, kisha upige kura: nusu wakae katika safu yao, nusu wakae katika safu isiyo yao. Najua hilo litakuuma. Bila hilo hujapima kitu.

Safu zisiwe chumba kimoja. Umeniandikia mwenyewe kwamba wa dirishani wanaimba. Basi kila mtoto wako, miaka yote hii, amechorewa, ameimbiwa na amehesabu vijiti, akiwa na utepe wowote.

Asahihishe mtu mwingine, na karatasi zisiwe na majina.

Na tepe zikae nyumbani kwa mama, safu ya kila mtoto iandikwe kwenye daftari tu. Unajua kwa nini.

Baba, sijawahi kuona mwalimu wa miezi minne kabla ya kustaafu akifanya kitu kama hiki. Nimewaambia wanachuo wangu, bila kutaja jina. Nimesema tu "mzee mmoja ninayemfahamu kwa karibu".

Mwanao

28 Juni

Mwanangu Kasuku,

Nimemaliza.

Nilifuata mashimo yako yote manne nikayaziba, ingawa la kwanza liliniuma kama ulivyosema. Kumtoa mtoto ambaye karatasi inasema ni wa mikono, ukampeleka kwa masikio kwa makusudi, nilijisikia kama namvisha kiatu cha mwenzake. Macho walikaa darasani na michoro. Masikio walikaa barazani, nikawaeleza na kuwaimbia. Mikono walikaa chumba cha ufundi wakikata maduara ya karatasi kwa mkasi. Ishirini na tisa kila mahali. Wiki tano. Nilikuwa natoka huku naingia kule mpaka viatu vimelalamika. Mwalimu jirani akasahihisha, namba tu bila majina, alama hamsini.

Watoto waliokaa katika safu yao, wastani thelathini na moja na kidogo. Waliokaa katika safu isiyo yao, thelathini na moja na nusu.

Nimerudia kujumlisha mara sita. Mwalimu wa Hesabu hana pa kukimbilia, namba ni zake.

Lakini kuna kitu ambacho hukunifundisha wewe, nimekiona mwenyewe, nawe utaniwia radhi nikijisifu. Nilipanga alama kwa chumba badala ya utepe. Waliokata karatasi walipata wastani wa thelathini na sita. Waliochorewa, thelathini na mbili. Walioimbiwa, ishirini na sita. Na waliokata karatasi walikuwa wa kila namna, wa macho, wa masikio, wote. Ni somo lenyewe lililotaka mkasi. Mtoto ukimpa theluthi aishike mkononi anaielewa, karatasi yangu ya maswali thelathini iseme itakavyosema. Wiki iliyofuata wote themanini na saba niliwapa mkasi, hakuna niliyemwacha na ishirini na sita yake.

Yale maswali ya asubuhi uliyoyataja, sijayapima. Nikiyapima nitakuambia. Siwezi kuruka kutoka imani moja mpaka nyingine kwa sababu tu aliyesema ni binti yangu.

Nilimpelekea Afisa Elimu majedwali. Akayapitia mstari kwa mstari, akasema, "Mzee, kitabu kiko kiwandani, mkutano umeitishwa, walimu wa shule sitini wanakuja. Acha kitoke. Kasoro utazirekebisha katika toleo la pili. Hakuna atakayejua." Ni mtu mwema, hakusema kwa ubaya. Na nikwambie ukweli, nilirudi nyumbani nikiyafikiria maneno yake. Nimeliona jalada. Jina langu liko juu, herufi kubwa, nyeusi. Nimelishika na nikaliweka mezani, na mama yako amelipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Nitastaafu baada ya mwezi mmoja na sitakuwa na kitu kingine cha kuonyesha.

Mkutano ni tarehe 11 Julai, ukumbi wa wilaya, saa nne asubuhi. Nitakachosema nakijua mimi. Usije. Nikikuona umekaa mbele, nitalainika, na sijui nitalainika upande gani.

Baba yako

12 Julai

Shikamoo Baba,

Nilikuja.

Nilifika saa nne kasoro, nikakaa safu ya mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, kitambaa nimekishusha mpaka kwenye nyusi. Mama aliniona mlangoni akanipita kama hanijui. Anaweza kuigiza yule mama. Niliondoka kabla ya chakula kwa sababu nilikuwa na mtihani wa kusimamia jioni, na kwa sababu uliniambia nisije. Lakini wewe ulikuwa mbele, hukuona yaliyotokea nyuma, na nadhani unastahili kuyajua.

Afisa Elimu alipokutambulisha na kuinua ile nakala ya mfano juu, watu wa nyuma walikuwa wanaongea. Mmoja alikuwa anamenya chungwa. Ulipokwenda ubaoni badala ya kwenda kwenye kipaza sauti, wakaendelea kuongea. Ukaandika namba mbili, 31.2 na 31.5, ukageuka, ukauliza, "Nani ataniambia zipi ni alama za watoto waliokaa katika safu yao?" Hapo mwenye chungwa akaacha kumenya. Mtu akajibu ya kwanza, mwingine akajibu ya pili. Ukawaacha wabishane. Kisha ukasema, "Mimi mwenyewe nisingeweza kuzijua kwa kuzitazama, na mfumo huu ni wangu wa miaka mingi. Kwa hiyo naomba kitabu hiki kisitoke."

Walimu mia moja na zaidi wakajisogeza mbele wasikie vizuri, Baba. Nilimtazama Afisa Elimu, alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake. Alipoinua, hakuwa na hasira. Alikitia kile kitabu kwenye mkoba wake taratibu.

Yule mwalimu kijana aliyesimama kukuuliza, "Sasa tuwafundisheje?" alikuwa na daftari wazi mkononi. Ulipomjibu, "Uliza somo linataka nini, usiulize mtoto amevaa nini. Ukishafundisha, kesho uwaulize kama bado wanalo, kisha uje tupime pamoja kama nimekosea tena," aliandika kila neno. Na wa pembeni yake akanakili kutoka kwake.

Ulivyosema kuhusu sura ya tatu ndipo niliposhindwa. "Sura ile si kweli. Aliyeniambia si kweli ni mtoto mwenyewe, naye ni binti yangu. Msidhani nalalamika. Najivuna." Ulilitamka polepole kama unavyotamka jibu la mwisho la hesabu ndefu. Nililia nyuma ya nguzo, na sikuwa na leso. Najivuna na mimi, Baba. Nimehudhuria mikutano mingi ya wasomi wakubwa wakilinda walichoandika kwa meno na kucha, na sijaona hata mmoja akifanya ulichofanya jana ukiwa umevaa koti lako lile lenye chaki mfukoni.

Mwanamume mmoja mbele yangu alimnong'oneza mwenzake, "Huyu mzee amejiaibisha." Mwalimu wa makamo aliyekaa kushoto kwangu akamgonga bega kwa kalamu, akamwambia anyamaze asikie. Kisha akaona nafuta macho. Akaniuliza kama nakufahamu.

Nikamwambia ulinifundisha.

Akauliza, "Somo gani?"

Nilitaka kusema Hesabu. Nikamwambia, "Hili alilolifundisha leo."

Mwanao